Shamba Namba Moja

Jumapili, 17 Novemba

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha mdudu wangu wa kwanza, kilichotokea leo saa nne na dakika kumi asubuhi, ndani ya kompyuta, kwa njaa. Marehemu ameacha wadudu kumi na mmoja, wote watoto wake, maana kwao hakuna kuoana. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Mazishi hayatakuwepo, kwa kuwa mwili haupo na haukuwahi kuwepo.

Nieleze vizuri, kwa sababu daftari hili atalisoma Eva, mke wangu, ambaye hufungua kila kitu kisicho na kufuli. Mimi ni Osward, mwenye steshenari hapa Ihanda, kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma. Napiga fotokopi, nachapa barua, nalaminisha vyeti vya watu waliosoma kunizidi. Shule niliishia kidato cha pili. Mengine nimeyapata kwenye video, bando likiruhusu. Huko ndiko nilikojifunza kuandika programu ya viumbe wa kubuni: unawapa ardhi, wanatembea, wanakula, wakishiba wanazaana, wakikosa wanakufa. Wewe unakaa pembeni kama Mungu, ila bila sadaka.

Ardhi nilihitaji kuipata mahali. Nikachukua ile ramani ya mashamba ishirini na manne ya kitongoji chetu, niliyomchapia mwenyekiti mwezi wa tisa kwa ajili ya hati za kimila. Namba moja ni shamba la Bibi Restuta, kule mwisho karibu na chemchemi. Namba saba ni la mwenyekiti mwenyewe, Raphaeli. Namba kumi na tisa ni langu, ekari moja aliyoniachia baba. Kahawa ya watu ndiyo chakula cha wadudu wangu. Kwenye kompyuta tu.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua imeanza. Malori yamesimama foleni toka Tunduma. Wateja wawili.

Kila siku yao moja wadudu wananiandikia jedwali: mistari ishirini na minne, mstari mmoja kwa shamba moja, namba tupu. Wangapi wamo, chakula kimebaki kiasi gani, wangapi wamekufa. Eva alisimama nyuma yangu akatazama zile namba, akasema kama ndio wadudu wenyewe hawa basi bora chawa, angalau wanaonekana. Amenipa wazo.

Jumamosi, 23 Novemba

Skripti, programu fupi ya kuchora picha, imekubali. Ni mistari arobaini, haizidi. Inafungua jedwali, inasoma namba, inapaka kila shamba rangi: kijani kwa penye neema, njano kwa pa wastani, nyekundu kwa penye njaa. Nyeusi ni pasipo na kitu kabisa. Jedwali moja, picha moja. Mia moja kwa dakika mbili. Ukizipitisha haraka unaona rangi zinatambaa juu ya kitongoji kama kivuli cha wingu.

Shamba namba moja limetoka jeusi. Nikajisemea Bibi Restuta kapata wadudu wavivu. Nikachapa picha moja kwa wino wa rangi, nikaibandika ukutani ili watu wajue mashine yangu ina rangi.

Jumanne, 26 Novemba

Fausta anauza maandazi kwenye kibaraza changu. Hana simu ya kisasa na haihitaji. Habari za Ihanda hupita kwake kwanza. Leo aliweka beseni chini, akasogea ukutani.

"Fundi, hiki si kitongoji chetu hiki?"

Nilimwambia ni wadudu wa kompyuta. Akaniuliza mbona wako kwetu. Hapo ndipo ningesema ukweli wote, kwamba nilikuwa mvivu wa kuchora ramani nyingine. Badala yake nilikunja uso kama daktari nikasema wadudu ni wangu, ardhi ni yenu. Mtu aliyekuwa ananunua maandazi naye akaja kutazama. Halafu wa tatu.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimeanza kubandika picha mpya kila Jumamosi. Leo walikuwepo tisa wakisubiri nifungue. Watano kati yao walichapisha kitu, hata kama hawakuwa na shida nacho.

Jumamosi, 14 Desemba

Kwa mwenyekiti Raphaeli kahawa imeingiwa na chulebuni. Buni changa zina madoa meusi yaliyodidimia, kama zimechomwa kwa ncha ya sigara, na zinapukutika ukizigusa. Na kwenye picha ya Jumamosi iliyopita namba saba ilikuwa nyekundu.

Niandike hesabu hapa ili nisijidanganye baadaye. Kila wiki mashamba tisa au kumi kati ya ishirini na manne yanatoka mekundu. Ukirusha kokoto kwenye ile karatasi umefumba macho una nafasi nzuri ya kupiga jekundu. Lakini Raphaeli hakuja kuuliza hesabu. Alikuja amevua kofia.

"Ulijua toka lini, mdogo wangu?"

Nikamwambia sikujua kitu. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayemwelewa daktari anayeficha. Raphaeli si mtu wa mchezo. Ana watoto watatu sekondari na wote wanasomeshwa na ile kahawa. Alisimama mbele ya picha mpaka mvua ikapungua, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 21 Desemba

Watu wawili wametoka Mbebe, Ileje, milima yote ile, kuuliza kama na kwao naweza kuweka. Niliwaambia foleni ni ndefu. Eva alinisikia. Alipika bila kusema neno, na Eva akipika bila kusema neno chumvi huzidi.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Nyama, mvua, nyama.

Jumamosi, 28 Desemba

Mashamba manne zaidi yana chulebuni. La kwangu limo. Nimepita mistari yote na mwavuli. Kila mti una mashada meusi. Kwenye picha nilikuwa njano, ya wastani kabisa. Hakuna aliyekuja kuniambia kwamba mashine imenikosea. Picha zinazopatia zinakumbukwa, zinazokosea zinakwenda na maji ya mfereji.

Jumamosi, 4 Januari

Leo Fausta ameuliza swali ambalo nimelisubiri mwezi mzima bila kujua kwamba nalisubiri.

"Na hiki cheusi? Kila wiki cheusi hiki hiki."

Nikamjibu kwamba nyeusi maana yake hakuna kitu pale.

"Kwa Restuta hakuna kitu," akasema, polepole, kama anayeonja mchuzi. Walikuwepo watu sita kibarazani. Wote sita waligeuka kutazama upande wa chemchemi, na hicho ndicho sikukipenda.

Bibi Restuta ni mjane, umri wake kama wa mama yangu angekuwepo. Anaishi peke yake. Bintiye pekee, Grace, kaolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ananunua kwangu daftari moja kila mwaka, la mistari, na huomba apunguziwe bei bila aibu. Sijui la kumwandika zaidi. Nimekaa naye kitongoji kimoja miaka thelathini na minane na siku zote nilidhani namjua.

Alhamisi, 9 Januari

Nimefanya jambo la kipuuzi. Nimefuta wadudu wote nikaanza upya, na kuwamwaga sehemu tofauti. Picha ikatoka: namba moja nyeusi. Nikaanza tena, safari hii nikawamwaga wote kwa Bibi Restuta, mia mbili kwa mpigo, na chakula tele. Namba moja nyeusi. Mara ya tatu nyeusi. Mara ya nne. Mara ya tano mashamba yote yalikuwa kijani, ishirini na matatu, kijani cha majani mabichi, na pale pembeni juu mraba mmoja mweusi kama mdomo umefunguliwa.

Ilikuwa saa nane mchana. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba nisingesikia mtu akiingia. Mimi, niliyeandika kila mstari wa ile programu, nilifunga kompyuta nikaiwekea kitabu cha risiti juu.

Jumamosi, 11 Januari

Sikubandika picha. Watu walikuja, wakakuta ya wiki iliyopita, wakaitazama kwa muda ule ule.

Raphaeli kama mwenyekiti amezunguka mashamba yote kuandika hasara. Mashamba ishirini na matatu yameharibika, mengine nusu, mengine zaidi ya nusu. Moja ni zima. Alinisimulia haya mbele ya watu, sauti ya chini: kwa Restuta buni ziko kijani mti mzima, zimenona, zinang'aa kwa maji ya mvua, hakuna hata doa. Nikamuuliza kama amemuuliza mwenyewe kwa nini. Akanitazama kama nimeuliza kama amemwuliza fisi habari za mbuzi.

Basi ikawa hivyo. Mwezi mzima nyeusi ilikuwa pasipo na kitu. Leo, bila mkutano wala kura, nyeusi imekuwa mahali ambapo kitu kinatoka.

Jumanne, 14 Januari

Mvua. Umeme hakuna. Afadhali.

Jumamosi, 18 Januari

Tulikuwa msibani kwa jirani wa shamba namba kumi na moja. Kama ilivyo kawaida yetu kila mama alikuja na chungu chake, na vyungu vikapangwa kwenye majani ya migomba nyuma ya nyumba. Bibi Restuta alileta maharage. Nilikuwa nahesabu sahani, kazi wanayopewa wasiojua kuimba. Wali ukaisha, kande zikaisha, mboga za maboga zikaisha, watu wakakomba masufuria kwa ukoko. Chungu cha maharage kilibaki kimejaa, na mfuniko wake juu. Hakuna aliyekataa. Walipita tu.

Alisubiri mpaka wengi waondoke, akakifunga kwa kanga, akajitwika. Njiani alinipita akanisalimia kwa Kinyiha, lugha yetu, akaulizia ekari yangu. Nilimjibu kwa Kiswahili, sijui kwa nini.

Ijumaa, 24 Januari

Picha yangu iko kwenye kundi la WhatsApp la kitongoji. Mtu amezungushia duara jekundu shamba namba moja. Chini yake hakuna maneno, ni mikono tu ya kuomba, kumi na saba.

Jumatatu, 27 Januari

Eva ameacha kupita njia ya chemchemi, ile inayopita kwa Bibi Restuta, akienda kuteka maji. Nilipomuuliza alisema yeye haamini mambo hayo hata kidogo, ila kuzunguka ni dakika tano tu.

Jumapili, 2 Februari

Sikwenda kanisani. Nilimwambia Eva tumbo. Niliiondolea kompyuta kitabu cha risiti, nikakaa.

Kitu kilichonikera toka ile tarehe tisa ni hiki: kama nimemwaga wadudu mia mbili shambani kwa mtu na chakula tele, wamekwenda wapi? Mdudu wangu hana miguu ya kukimbia kiasi hicho. Kwa hiyo safari hii sikutazama picha. Nilifungua jedwali lenyewe, zile namba alizozicheka Eva. Mstari wa kwanza kabisa, shamba namba moja: wadudu mia nne na kumi na wawili, chakula kimejaa, vifo viwili. Shamba lenye neema kuliko yote. Nikafungua la jana yake. La juzi yake. La Novemba. Namba moja ni zima kila siku toka siku ya kwanza. Lilikuwa linanona kwenye jedwali na kufa kwenye picha.

Nikarudi kwenye skripti. Nilisoma mstari kwa mstari kwa kidole, kama watoto wa darasa la kwanza, na kwenye mstari wa sita nikajikuta mwenyewe.

Ni hivi. Kwa miaka kumi na miwili kazi yangu hapa ni kuchapa orodha. Michango ya misiba, ya harusi, ya paa la kanisa, mahudhurio ya mikutano. Orodha zote za Ihanda zina sura moja: mstari wa kwanza ni kichwa, Jina, Kiasi, Sahihi, watu wanaanzia wa pili. Hata mashine yangu nimeifundisha hivyo: ukipewa orodha yoyote, ruka mstari wa kwanza. Nilipoandika skripti ya picha mkono uliandika wenyewe, ruka mstari wa kwanza. Lakini wadudu hawaandiki kichwa cha habari. Mstari wao wa kwanza ni Bibi Restuta. Na karatasi ya picha, kabla haijapakwa chochote, ni nyeusi.

Hakupakwa. Ndilo jambo lote. Wengine wote walipakwa rangi zao na yeye nilimruka, kila siku, picha zote, kwa mazoea ya misiba.

Nikafuta neno moja. Nikaendesha upya. Shamba namba moja likatokea pale pembeni, kijani kuliko yote.

Nilicheka peke yangu dukani kwa muda mrefu.

Jumatatu, 3 Februari

Nimekwenda kwa Raphaeli na picha mbili, mbovu na nzima. Nilimkuta anakata matawi yaliyokufa. Nilimweleza yote, orodha, kichwa cha habari, mstari wa kwanza. Nilimchorea ardhini kwa kijiti. Alisikiliza vizuri, ni mtu anayesikiliza. Akashika ile picha nzima, akaiinamisha kukwepa manyunyu.

"Kwa hiyo toka Novemba alikuwa amejificha, na jana ndio umemtoa."

Nikasema hajajificha, mimi ndiye niliyemruka. Akasema, sawa, na nani aliyefanya umruke yeye, kati ya watu ishirini na wanne? Nikasema kwa sababu yeye ni wa kwanza. Akasema, ndivyo anavyosema na Restuta mwenyewe: ni wa kwanza. Halafu akaweka kidole juu ya kijani kile.

"Sisi tumeliwa. Tazama aliyenenepa."

Nilirudi nimelowa. Nikiwa na picha mbovu alikuwa mahali mauti yanapotoka. Nikiwa na picha nzima amekuwa mahali yanapokwenda kushiba. Nilidhani kuna rangi ya tatu. Nimejaribu kuifikiria jioni yote na sijaipata.

Alhamisi, 6 Februari

Niliacha picha ya kijani juu ya mashine, Fausta akaiona, akamwita mwenye simu. Sasa iko kwenye kundi pamoja na ile nyeusi, zimewekwa bega kwa bega.

Jumamosi, 8 Februari

Nimebandua picha zote. Ukutani pamebaki alama za gundi, na watu wanasimama kutazama alama. Fausta anasema kibarazani kwamba fundi ametishwa. Mwingine anasema hajatishwa, amelishwa. Nilitoka nikasema mimi ni mtu mzima, nilikosea, basi. Waliitikia kwa vichwa, kwa heshima kubwa. Nimekuwa mtu mkubwa sana mwaka huu; kila nisemalo linaongezewa maana.

Alhamisi, 13 Februari

Bibi Restuta amekuja dukani. Fausta alibeba beseni lake akaenda kukaa ng'ambo ya barabara, mvuani.

Hakuja kwa daftari. Alitaka aone. Nilimpa kiti, nikamwonyesha yote, jedwali kwanza halafu picha. Aliweka miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilipozipitisha haraka, rangi zikatambaa, akatabasamu kidogo.

"Hawa wanakula nini, mwanangu?"

"Namba, bibi."

"Na wanashiba?"

"Wanashiba."

Akatikisa kichwa, akaniuliza yeye ni yupi. Nikamwambia hayumo. Hakuna mtu mle, ni jina la shamba tu, na hata jina hakuna, ni namba. Alivua miwani akaikunja.

"Basi ungewaambia hivyo siku ile ya kwanza. Walipokuwa wachache."

Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali. Aliuliza kama ile picha nzuri naweza kumchapia akaiweke ndani. Nikamchapia, nikakataa malipo. Akaiacha mezani, akaenda. Baadaye nikaelewa kwamba alitaka kununua, hakutaka kupewa.

Jumapili, 23 Februari

Kanisani benchi la tatu upande wa wanawake lilikuwa na mtu mmoja, Bibi Restuta.

Jumanne, 25 Februari

Kwenye kizingiti chake bibi ameamkia kikapu cha buni nyeusi, kimejaa mpaka juu. Kikapu ni kipya. Mtu alikitafuta, akakaa, akachuma taratibu buni zilizokufa mpaka kikajaa. Nafikiria sana hiyo kazi.

Jumamosi, 1 Machi

Mvua ya mawe. Raphaeli ametangaza mkutano tarehe kumi na tano. Hakutangaza ajenda, lakini Fausta anayo: watakuja lambalamba kutoka upande wa Msangano. Ndio wale wanaoitwa vijijini kufukua uchawi. Wanaingia nyumba ya mtu, wanachimba sakafu, wanatoa pembe na vitambaa wanavyovijua wenyewe vimeingiaje, wanamnyoa mwenye nyumba mbele ya watu. Wakati mwingine wanaishia kumnyoa. Serikali imewakataza, kwa hiyo hawaji kwa barua.

Kijana mmoja aliniomba nimchapie ile picha yenye duara, kubwa, ya kubebwa. Nilimwambia wino umekwisha. Akatazama mashine ikitoa barua ya mtu mwingine, yenye nembo ya bluu. Hakubisha. Aliniambia tu, "Haya, fundi," na sauti ile ndiyo nimelala nayo.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwandikia barua mtendaji wa kata, nikaipeleka mwenyewe. Eva ndiye aliyesema niende. Nilipokuwa nachapa alisimama mlangoni akaniambia jana amepita njia ya chemchemi, kwenda na kurudi, na amemsaidia bibi kujitwika ndoo. Chumvi leo ilikuwa sawa.

Mtendaji alisoma mara mbili. Aliniuliza nina hakika nataka jina langu liwe pale chini. Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Hakuna mteja toka Jumatano. Natazama foleni ya malori.

Jumamosi, 15 Machi

Lambalamba hawakuja. Mtendaji alikuja yeye, na askari wawili, akasoma onyo, watu wakapiga makofi, gari likaondoka. Lilipopotelea kwenye kona mkutano ndio ukaanza.

Hakuna aliyetukana. Ningeandika matusi kama yangekuwepo, yangenisaidia. Raphaeli alizungumza kama mtoto mbele ya mzazi. Alisema bibi amechoka, yuko peke yake, hali ya hewa ya watu si nzuri, na yeye kama mwenyekiti hawezi kukesha mlangoni kwake kila siku. Alisema anaogopa kutatokea jambo ambalo baadaye sote tutalijutia. Naamini aliogopa kweli. Akapendekeza bibi akapumzike kwa Grace, Nakonde, mpaka watu watulie. Shamba litaangaliwa na kitongoji.

Nilinyoosha mkono. Nikasema kosa ni la mashine yangu, na la mkono wangu, nikarudia hadithi yote ya mstari wa kwanza. Nilipomaliza, mzee mmoja akaomba kujua mvua itaacha lini.

Bibi Restuta aliulizwa kama ana neno. Alisimama akasema ataondoka Jumatatu, kwa sababu Jumapili ana ibada.

Muhtasari wa kikao niliuchapa mimi. Hakuna mashine nyingine Ihanda. Nakala tatu.

Jumatatu, 17 Machi

Kirikuu ya kumchukua ilifika saa tatu. Tulipakia mimi na Eva: godoro, masufuria, kuku wanne, cherehani. Mwingine hakuja, ila mapazia yalikuwa na kazi.

Eva alipokuwa anamfungia mzigo wa mwisho, bibi aliniomba nikafunge wigo wa shambani, mbuzi wasiingie. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia shamba namba moja kwa miguu. Buni zilikuwa zimejaa kila tawi, ngumu, kijani, kama Raphaeli alivyosema. Niliinua jani moja, na upande wa chini kulikuwa na vidoa vya bluu vilivyokaukia pale mvua isipofika. Niliinua la pili. Nikatazama mti mwingine.

Niliporudi alikuwa ameshakaa mbele, mkoba mapajani. Nikamuuliza dirishani amefanyaje kahawa yake isipatwe.

"Nilipiga mrututu," akasema. "Mara tatu, kuanzia mwezi wa kumi."

Nikamwambia mvua ilikuwa inanyesha kila siku, ile dawa ya bluu si inaoshwa.

"Nilikuwa nasubiri majani yakauke."

Gari likaondoka. Mchana nimepita nyumba kwa nyumba, nyumba zote ishirini na mbili, nikauliza swali moja tu. Msimu huu hakuna aliyepiga dawa. Mimi pia sikupiga.